Silinda ya Saba

Niliusikia mlio kwanza. Ukungu wa asubuhi ulikuwa umeifunika karakana yote ya Kihesa, geti halionekani, hata mkono wangu niliounyoosha mbele ulipotelea kwenye weupe. Lakini sikio halihitaji mwanga. Mapigo sita, yote ya urefu mmoja, yalikuja, yakapita, yakarudi tena. Sikio langu nililinoa mwenyewe kwa kuhesabu mizani za mashairi, bila mwalimu, na nilijivunia sikio hilo kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho.

"Namba Nne," nikasema. "Haina kasoro."

"Hujaiona bado," alisema Bwana Kiwele, mkuu wa karakana, aliyesimama kando yangu na kikombe cha chai.

"Sihitaji kuiona."

Taa mbili za njano zikautoboa ukungu. Likatokea lori, na nyuma yake mengine matano yasiyo na mtu ndani. Yote sita yalikuwa yamebeba nguzo za mikaratusi kutoka Mufindi, na yote sita yalisimama kwa pamoja, kwa sababu dereva wa mbele alikanyaga breki mara moja tu. Ndivyo ilivyokuwa kwenye barabara zetu tangu ipitishwe Sheria ya Milima: mashine ziliruhusiwa kujiendesha popote palipo tambarare, lakini penye mteremko lazima awepo binadamu mbele, ashike usukani, na zile za nyuma zimuige.

Dereva alishuka kinyumenyume, ngazi moja baada ya nyingine. Alikuwa Tulalumba Luhwago, mama wa miaka hamsini na sita, aliyeshika usukani kabla mimi sijazaliwa.

"Kamwene, mtani," akaniita.

"Kamwene, mama."

"Umekula? Au nyie Wagogo bado mnasubiri mvua inyeshe ndiyo mle?"

"Nimekula, mama. Nimewabakizia Wahehe ugali, maana mboga yenu leo nimeisikia inabweka kule ng'ambo."

Alicheka mpaka akaushika mlango wa kabini. Mhehe na Mgogo ni watani, na mtani hadaiwi adabu. Lakini aliendelea kuushika ule mlango hata kicheko kilipokwisha. Niliona, nikapuuza.

"Haya, mwoshe uso," akasema. "Nataka nishuke mlima wa Nyang'oro kabla jua halijawa kali." Akaelekea kibandani kwa mama wa vitumbua.

*

Kila lori la kampuni lilikuwa na Msikilizi ndani yake. Hakuwa mtu, ingawa sote tulimwita "yeye". Mwishoni mwa krenkishafti, mhimili unaozungushwa na silinda zote, kuna gurudumu la meno, na pembeni ya meno kuna jicho la sumaku linalohesabu kila jino likipita. Silinda ikiwaka vizuri inalisukuma gurudumu, na meno yanapita haraka. Silinda ikikosa kuwaka, gurudumu linachelewa. Linachelewa kwa kipande cha sekunde ambacho ulimi wetu haujakipa jina, na Msikilizi anajua ni silinda gani iliyozembea. Kwenye ekzosi ana ulimi unaoonja moshi na kujua kama spiriti ya miwa imeungua yote. Kwenye ubavu wa injini ana vipande vya fuwele vinavyotoa umeme kila vinapotikiswa, na kwa hivyo anasikia kila chuma kinachogonga chuma. Tangu waanze kufunga viti vya kumwamsha dereva anayesinzia, fuwele kama hizo ziliwekwa pia chini ya kiti.

Pamoja na masikio yote hayo, hakuwa mropokaji. Akisikia kosa mara moja, hawashi taa. Analiandika kama tuhuma, na pembeni yake anaweka picha: mwendo ulikuwa kiasi gani, joto kiasi gani, mzigo mzito kiasi gani, pale kosa lilipotokea. Safari ya pili ikifika katika hali ileile na kosa likarudi, ndipo tuhuma inakuwa hukumu. Taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, na geti la kwanza la ukaguzi barabarani ambalo lori litapita linaipokea taarifa na kulizuia mpaka litengenezwe.

Karakana nyingine zilisoma tuhuma, zikatengeneza, kisha zikafuta. Sisi wa Kihesa tulikuwa na njia yetu. Kila asubuhi, kabla msafara haujatoka, tulizifuta tuhuma zote bila kuzisoma. Tuliita kuosha uso. Tuhuma iliyofutwa haina safari ya pili, kila siku inakuwa siku ya kwanza, na malori ya Kihesa yalipita getini Mtera yakiwa safi kama watoto wa Jumapili. Na katika kuosha uso hakuna aliyenifikia. Malori sita kwa sekunde arobaini. Niliwahi kufanya hivyo huku nimefumba macho, na watu wakapiga makofi.

Nilipanda kwenye kiti cha dereva, nikachomeka kisomaji chini ya usukani wa Namba Nne.

"Subiri," akasema Bwana Kiwele. Alikuwa na tabasamu la mtu anayetaka kumshusha kijana. "Umesema haina kasoro. Soma kabla hujafuta. Tuone kati yako na Msikilizi nani ana sikio."

"Soma mwenyewe," nikamgeuzia kioo cha kisomaji. "Utakuta patupu."

Hapakuwa patupu. Palikuwa na mstari mmoja.

SILINDA YA SABA IMEKOSA KUWAKA.

Bwana Kiwele akapasuka kwa kicheko, chai ikamwagika. "Aa, hiyo! Nilisahau. Hicho ni kichaa tu cha programu. Gari lina silinda sita, yeye anakuletea ya saba! Mmeifuta nyie kila siku bila kujua. Haya, futa, umenishinda." Akaenda zake ofisini, bado anacheka.

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe. Mtu mwingine angebonyeza. Lakini mimi nilikuwa nimetamka kwa sauti kwamba lori halina kasoro, na mashine ilikuwa inabisha. Sikuweza kuivumilia. Nikaifungua picha ya tuhuma ili nijue huyu mbishi anadai nini.

Injini ilipokuwa ikizunguka polepole, silinda ya saba ilikuwa inapiga mara sabini na mbili kwa dakika. Dereva alipokanyaga mafuta, silinda sita zikapanda, zikakimbia, zikaunguruma. Ya saba ikabaki palepale, sabini na mbili. Kwenye mlima ikawa tisini. Kwenye foleni, injini ikiwa imezimwa kabisa, sita zilinyamaza na ya saba ikaendelea.

Silinda isiyoitii injini haiko ndani ya injini.

Nikatazama chini zaidi. Kulikuwa na mahali mapigo yalikatika. Pigo, pigo, kisha mstari mtupu, mrefu, kisha pigo tena kama mtu aliyejikwaa akajizuia asianguke. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, Msikilizi alikuwa ameweka kumbukumbu ambayo sikuwahi kujua kwamba anaiweka: TUHUMA HII IMEFUTWA MARA KUMI NA TISA. MFUTAJI: N. CHILONGANI.

Mimi. Ndahani Chilongani, mwenye sikio.

Niliuondoa mkono kwenye kisomaji na kukaa vizuri kitini. Kioo kikatulia kidogo. Kisha silinda ya saba ikarudi, lakini haikuwa ileile. Hii ilikuwa nyepesi, ya kasi, haina pengo. Nikabana pumzi, ikapungua. Nikaruka chini, nikaizunguka karakana mara mbili mbio, mafundi wenzangu wakinipigia mbinja, nikapanda tena nikitweta na kukaa. Mia moja thelathini na nane. Kila pigo la kifua changu lilikuwa linapita kwenye nyama, kwenye mfupa, kwenye sponji ya kiti, mpaka kwenye fuwele ndogo kuliko punje ya mahindi, na mashine iliyotengenezwa kusikiliza chuma ilikuwa inaniandika.

Hakuna aliyemfundisha. Walimwambia tu asikilize kila kinachopiga na kukipa namba. Akahesabu sita, akasikia kingine, akakipa namba inayofuata. Kwake yeye dereva alikuwa sehemu ya injini, sehemu inayoendesha zote, na alikuwa anasema, siku kumi na tisa mfululizo, kwamba sehemu hiyo inaharibika.

Sijawahi kuingia mahali patakatifu na kuona nilichokiona kwenye kioo kile chenye ufa, kilichopakwa grisi na vidole vyangu mwenyewe.

*

Nilipaswa kumwambia palepale. Sikumwambia. Nilijiambia nataka kwanza niwe na hakika, na leo ninajua kwamba hakika ni neno zuri ambalo mtu mwenye kiburi analitumia akiogopa. Nilimwambia tu, "Mama, leo nataka kupanda na wewe. Kuna mlio nataka niusikie barabarani." Na sikuosha uso.

"Panda," akasema. "Lakini ukitapika kwenye kona, utakunywa."

Tulitoka na ukungu. Baada ya Nduli jua likafunguka, na barabara ikalala mbele yetu, kavu na nyekundu pembeni. Kwenye kioo cha pembeni niliyaona malori matano yakitufuata, umbali mmoja, mwendo mmoja. Redio ya madereva ikakoroma.

"Mama Luhwago, hapa Mbeleje." Huyo alikuwa dereva wa msafara wa nyuma yetu, mtu mnene mwenye sauti ya spika. "Pale karakana niliona unapakia abiria. Kichwa kimekaa kama kiazi mviringo."

"Ni mtani wangu, fundi Ndahani."

"Yule mwenye mdomo? Mkanda mfunge mdomoni, kiunoni hana haja."

Mama Luhwago alicheka. Kwenye kisomaji kilichokuwa mapajani mwangu, silinda ya saba ikaruka, ikakosa mbili, ikarudi.

Nikashindwa kunyamaza.

"Mama, simamisha gari."

"Wapi? Tumeshaanza vilima. Na mizigo hii siwezi kusimama mpaka egesho la kona ya nne. Una nini?"

"Moyo wako unakatika."

Hakugeuza kichwa. Alibadilisha gia, akaingia kona ndogo ya kwanza ya Nyang'oro kwa utulivu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba chake mwenyewe. Kisha akauliza, "Nani kakwambia?"

"Gari." Nikamweleza. Nilieleza vibaya, kwa haraka, fuwele na kiti na silinda ambayo haipo.

"Thelathini na moja," akasema mwishowe. "Miaka niliyokaa juu ya injini nikiisikiliza. Kumbe na yenyewe inanisikiliza." Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa ya mtu aliyeonyeshwa nyota mchana. "Najua unakatika, mtani. Daktari aliniambia mwezi wa tatu. Alitaka aniwekee kifaa kifuani. Nikamwambia nitarudi."

"Hukurudi."

"Mwenye kifaa kifuani haruhusiwi msafara. Unajua hivyo."

"Basi nitamwambia Bwana Kiwele, utapumzishwa, utatibiwa..."

"Sikiliza, Ndahani." Aliacha utani, aliniita jina. "Usinifikirie mimi. Tuko madereva thelathini na wanane kwenye kampuni hii. Siku utakayotamka kwamba gari linasikia moyo, keshokutwa wanatusikiliza wote. Huyu ana presha. Yule ana mimba na hajamwambia hata mumewe. Mwingine kafiwa, kalia mpaka asubuhi, moyo unakwenda ovyo. Watatupanga kama matairi: haya bado yana kashata, haya yameisha, tupa. Na hakuna atakayeulizwa. Watakaa ofisini wanasoma kifua cha mtu."

"Na nisiposema?"

"Utakuwa umemwachia mtu mzima kifua chake."

Mbele yetu mlima ulifunguka. Chini kabisa, bondeni, mabati ya Izazi yalimeta, na leo ilikuwa siku ya mnada. Niliona vumbi la mifugo, niliona watu wadogo kama mchele.

"Na wale je, mama?" nikasema. "Vifua vyao umewaachia?"

Alitupa jicho bondeni, akarudisha macho barabarani. Nilitamani nisingelipata neno lile, maana lilikuwa kweli na lake pia lilikuwa kweli, na mimi nilikuwa nimekaa katikati ya hayo mawili na kitufe cha kufuta chini ya kidole gumba.

"Nikifika kona ya nne nasimama," akasema polepole. "Tutaongea nimeegesha. Siongei mambo haya kwenye mteremko."

Hakufika kona ya nne.

*

Ilikuwa kwenye kona ya tatu, pale ukuta wa mwamba uko kulia na kushoto hakuna kitu. Niliona kwenye kioo cha kisomaji kabla ya kumwona yeye. Pigo. Pigo. Kisha mstari.

Moja, nikahesabu. Mbili. Tatu.

Mikono yake iliteleza kutoka kwenye usukani, taratibu, kama nguo inayoanguka kutoka kwenye kamba. Kichwa kikaegemea dirisha. Nikapiga kelele jina lake, nikaudaka usukani kwa mikono miwili nikiwa nimelala juu ya magoti yake. Mimi natengeneza malori. Sijawahi kuliendesha hata moja.

Taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Mlima uleule, mzigo uleule, mwendo uleule wa jana, na kosa lilelile: hii ilikuwa safari ya pili, ile ambayo nilimnyima mara kumi na tisa. Kisha taa ikaanza kupepesa. Kila fundi anajua tofauti. Taa inayowaka inasema nenda ukatengeneze. Taa inayopepesa inasema simama sasa, kuna kitu kinaharibika na hakitarudi.

Msikilizi ana sheria moja kwa silinda iliyokufa: akate mafuta yake, aziokoe zilizobaki. Nilimwona kwenye kisomaji akilitafuta bomba la mafuta ya silinda ya saba. BOMBA HALIPO. Akalitafuta tena. BOMBA HALIPO. Mara ya tatu. Tani mia mbili za nguzo za malori sita zilikuwa zinateremka pamoja nasi, na mashine ile ilikuwa inapapasa gizani ikitafuta mahali pa kumshika mwanamke yule.

Kisha akaacha kutafuta. Alifanya jambo ambalo sikuwahi kulisoma kwenye kitabu chochote cha karakana. Kama hawezi kuipunguzia kazi ile moja, alizipunguzia zote. Alibana silinda sita mpaka kwenye mwendo wa kuchechemea, akawasha breki ya injini, akapeleka amri ileile kwa malori matano ya nyuma, nayo yakabana. Injini sita ziliunguruma pamoja, sauti nene iliyojaa bonde zima, mwamba ukatetemeka, na tani mia mbili zikaanza kulegea. Hapakuwa na mshtuko wala tairi lililolia. Lilitushusha lile lori kama mama anayemlaza mtoto bila kumwamsha.

Kazi yangu ilikuwa usukani tu, na niliushika huku nimebana meno. Tuliikata kona ya tatu hatua kwa hatua. Nne, nikahesabu, tano, sita, nimetazama mstari mtupu kwa jicho moja na barabara kwa jingine.

Saba.

Pigo.

Dogo, la kuchelewa. Kisha jingine. Kisha yakaja mengi kwa fujo, yakajipanga. Egesho la kona ya nne likafunguka kushoto, pana, lina kokoto. Nikalielekeza lori huko, na Msikilizi akalisimamisha bila mimi kugusa breki. Nyuma yetu yakasimama matano.

Ukimya uliofuata ulikuwa mkubwa kuliko ngurumo. Niliisikia injini ikipoa, tik, tik, tik, na nikagundua kwamba nalia.

*

"Nilisinzia," Mama Luhwago alisema, akifumbua macho.

"Hukusinzia."

Nilimsaidia kushuka, nikamkalisha kivulini mwa tairi. Niliita zahanati ya Izazi kwa simu, wakasema gari linapanda. Kisha nikampa kisomaji. Alikishika mbali na macho, kama wazee wanavyoshika simu, akaifuata ile mistari kwa kidole. Kidole kilipofika kwenye utupu kikasimama.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Sekunde saba." Akaigusa tena. "Nilikuwa sipo kwa sekunde saba, na gari langu liliendelea kuniita." Akainua uso, akalitazama Namba Nne toka taa mpaka bomba la moshi, kwa macho ambayo sikuwahi kumwona nayo. Alinyoosha mkono akaweka kiganja kwenye chuma cha moto, akakiacha hapo.

"Mama, kuna jingine," nikasema. "Gari lilianza kukuita zamani. Mara kumi na tisa. Mimi ndiye niliyezifuta tuhuma zake. Sikuwa nasoma. Nilikuwa nashindana na saa."

"Kumi na tisa."

"Ndiyo."

"Mgogo wewe," akasema, na midomo yake ikatetemeka, sikujua kama ni kicheko. "Msibani kwangu wangekuita uje kuniigiza ninavyoendesha. Ungewaambia nini watu? Kwamba ulinichania barua kumi na tisa?" Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Sina nguvu za kukupiga. Nikipona nitakupiga."

Redio ya karakana ikakoroma ndani ya kabini. "Namba Nne, Kiwele hapa. Mbona msafara umesimama kona ya nne?"

Nilipanda nikajibu. "Taa inapepesa, bosi."

"Kosa gani?"

"Silinda ya saba."

"Gari halina silinda ya saba! Futa hiyo takataka mwondoke, Mtera wanasubiri. Ndahani? Futa, nasema."

Nilishuka na kusimama mbele ya mama na kisomaji mkononi. Kitufe kilikuwa pale, chekundu, kimefutika rangi katikati kwa sababu ya kidole changu. Nikibonyeza, angebaki na usukani wake na siri ya madereva wote ingebaki salama, na kesho angeshuka mlima huu tena. Nisipobonyeza, geti la Mtera lingeisoma leo hii, na kampuni ingejua kwamba ina masikio ndani ya vifua vya watu.

"Siwezi kuifuta, mama," nikasema. "Sitaweza tena. Lakini moyo ni wako. Sitaisema kwa mtu yeyote kabla yako. Kama ni kusemwa, utaisema wewe, au utaniambia niseme nini."

Kule chini ng'ombe walilia mnadani. Mama Luhwago alisikiliza, na kiganja chake bado kilikuwa kwenye chuma kile.

"Kampuni itajua saa ngapi?" akauliza.

"Lori likipita geti."

"Na lori liko hapa." Akapumua. "Basi wenye vifua wajue kwanza. Nishushie ile redio. Siyo ya Kiwele. Ya madereva."

Niliivuta kwa waya wake mpaka chini. Akaibonyeza.

"Madereva wote, hapa Tulalumba Luhwago, Nyang'oro, kona ya nne. Nimezimia kwenye usukani kona ya tatu. Sekunde saba. Niko hai kwa sababu gari lilisikia moyo wangu umesimama. Nasema tena: gari linasikia moyo. Viti vyetu vinatusikiliza, vyote, tangu vifungwe. Nilitaka hili lifichwe, kwa ajili yenu, na kwa ajili ya usukani wangu. Lakini nimetazama Izazi kutoka hapa juu, leo ni mnada, na nimeona aibu. Mimi nashuka kwenye usukani leo, kwa mdomo wangu mwenyewe. Nyie kila mtu ajue la kwake. Na kampuni ikija kutuuliza, ikute tumeshakaa tukapanga la kujibu." Akaniashiria nisogee. "Aliyeyasoma haya ni fundi Ndahani. Yuko hapa."

Akanipa redio. Watu thelathini na saba walikuwa wamekalia viti vyao, na nadhani kila mmoja wakati ule alikuwa ameweka mkono kifuani.

Kisha ikaja sauti ya Mbeleje. Sikuitambua mwanzoni. Haikuwa tena ile sauti kubwa kama spika.

"Dogo."

"Nakusikia, kaka."

"Na lori langu? Mimi juzi nilipata kizunguzungu pale Isimani, nikasema ni njaa. Kwenye langu uliwahi kuiona hiyo silinda ya saba?"

Ningeweza kumdanganya. Ningeweza kumwambia haikuwepo, angeshukuru.

"Sijui, kaka Mbeleje. Nililiosha uso kila asubuhi, sikulisoma hata siku moja. Kama lilikuwa linakuambia kitu, mimi ndiye niliyelinyamazisha."

Nikafikiri ataniporomoshea matusi, na nilikuwa tayari kuyapokea yote.

"Sasa nifanye nini?" akauliza.

"Uko umbali gani?"

"Dakika kumi nyuma yenu. Sijaanza mteremko."

"Usiuanze. Egesha hapohapo juu, zima injini, ubaki umekaa kitini. Gari la zahanati likishamchukua mama, naupanda mlima kwa miguu na kisomaji hiki. Nitakaa pembeni yako nisome mstari mmoja mmoja, hata tukikesha, na chochote nitakachokikuta utakisikia wewe kabla ya mtu mwingine yeyote duniani. Sitakifuta, sitakificha, na hakitatoka ndani ya gari hilo mpaka wewe useme kitoke. Nakuahidi, kaka. Nakuahidi mbele ya mama huyu, na mbele ya wote wanaonisikia."